Nani Alilipia Muda? Utafiti wa Insia kutoka Kamati ya Kiswahili hadi Mlimani

Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam walirudi makwao wakiwa na kazi ya kufanya. Walitakiwa kuwatafuta wazee waliopigana Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, au waliovikimbia, au walioviona kwa macho yao, wawasikilize na kuyaandika waliyosema. Mradi uliongozwa na John Iliffe na Gilbert Gwassa. Kijana aliyekuwa na miaka 15 vita vilipoanza Umatumbi alikuwa mzee wa miaka 78 wanafunzi hao walipobisha hodi, kwa hiyo kama chuo kingesubiri miaka 20 zaidi kisingemkuta mtu wa kumuuliza. Gharama ilikuwa ya nauli, madaftari na chakula, pamoja na mishahara ya wahadhiri waliopewa nafasi ya kuisimamia kazi. Maandishi yaliyopatikana yalikusanywa mwaka huohuo. Iliffe aliyatumia katika historia yake kubwa ya Tanganyika iliyotoka 1979, na mwaka 2010 wanahistoria walioandika katika kitabu kilichohaririwa na James Giblin na Jamie Monson walikuwa bado wanayarejea. Wakati huo waliyahoji: je, vijana wa 1968 hawakuitafuta mno picha ya umoja wa taifa, hata wakapita kando ya uhasama wa kienyeji uliokuwemo katika vita vile? Ushahidi uliokusanywa kwa gharama ndogo ulikuwa unatumika miaka zaidi ya 40 baadaye, hata na watu wenye swali tofauti kabisa na la waliolipia.

Ninaianza historia ya ufadhili wa insia hapo kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu jambo hili yamezoea kuuliza kiasi cha fedha: fungu lilikuwa shilingi ngapi, mfadhili katoa dola ngapi. Rekodi ya karibu karne moja ya utafiti wa lugha, historia, fasihi na akiolojia katika sehemu hii ya Afrika inaonyesha jambo jingine. Kazi zilizodumu hazikutoka pale palipokuwa na fedha nyingi kuliko kwingine. Zilitoka pale mtu alipolipwa mshahara na kuachiwa muda wa kutosha kufuata swali ambalo wanataaluma wenyewe walikuwa wamelikubali kuwa swali. Muda huo ukikatwa, au swali likiletwa limeshaandikwa na mwingine, hata fedha nyingi huzaa taarifa ambayo hakuna anayeifungua tena baada ya mwaka.

Mfano wa kwanza ni wa kikoloni, na haupendezi. Mkutano wa Mombasa wa 1928, alioushiriki mwanaisimu wa Kijerumani Carl Meinhof, ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Tarehe 1 Januari 1930 ikazaliwa Kamati ya Lugha ya maeneo manne, yaani Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, makao yake Dar es Salaam na katibu wake wa kwanza Frederick Johnson. Serikali za maeneo hayo ndizo zilizochangia gharama. Hazikufanya hivyo kwa mapenzi ya fasihi. Zilitaka vitabu vya shule vyenye tahajia moja na makarani wanaoandikiana barua zinazoeleweka. Waafrika hawakuulizwa swali gani lina maana kwao. Hata hivyo Kamati ilikuwa na kitu ambacho idara nyingi za leo hazina: katibu anayelipwa mwaka hata mwaka na jarida lisilokatika. Johnson alitoa kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili mwaka 1935, na kamusi za Kiswahili na Kiingereza zikafuata 1939. Kamati ilihama Nairobi 1942, Makerere 1952, Mombasa 1962, ikarudi Dar es Salaam 1963. Katika kuhama huko kote haikufutwa, na jarida lake, ambalo leo linaitwa Kiswahili, lina nasaba inayorudi hadi 1930. Hatuna budi kukiri kwamba sehemu ya uhai wa taaluma ya Kiswahili inatokana na mpango uliobuniwa kwa haja za utawala, ukadumu kuliko utawala wenyewe kwa sababu ulikuwa na fungu la kudumu.

Uhuru ulileta nafasi ya kubadilisha swali. Chuo Kikuu Kishiriki kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikianza na kitivo cha sheria, kikahamia Mlimani 1964. Mwaka 1963 kilikuwa kimekuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Mwaka huohuo Terence Ranger, aliyekuwa amefukuzwa Rhodesia ya Kusini, akaja kuanzisha Idara ya Historia. Serikali mpya haikuwa na fedha za kujenga chuo peke yake. Uingereza ilichangia, na Taasisi ya Rockefeller ya Marekani ilikiweka Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki katika mpango wake wa kuendeleza vyuo vikuu. Sehemu ya fedha hizo ilitumika kwa namna ya busara: kugharamia masomo ya juu ya vijana, kisha kuwalipia nafasi za uhadhiri waliporudi kabla bajeti ya chuo haijawa na kiti cha kuwapa. Watu walitengenezewa ajira kwanza, miradi ikafuata. Mwaka 1965 wanahistoria wa Afrika na nje walikutana Dar es Salaam, na mijadala yao ikachapishwa 1968. Mwaka 1969 Isaria Kimambo na Arnold Temu walitoa A History of Tanzania kupitia East African Publishing House ya Nairobi, kitabu kilichowekwa mbele ya wanafunzi badala ya yale yaliyoianza historia ya nchi kwa kufika kwa mgeni. Walter Rodney alifundisha hapo katika vipindi viwili, na kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitolewa 1972 na Tanzania Publishing House kwa ushirikiano na Bogle-L'Ouverture ya London. Ni kipindi cha miaka kumi tu, na bado kinaitwa duniani kote shule ya historia ya Dar es Salaam.

Upande wa lugha ulikwenda polepole zaidi, na mwendo huo ndio unaonifundisha zaidi. Iliyokuwa Kamati ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1964 ndani ya chuo. J.W.T. Allen alizunguka pwani akikusanya miswada ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu na kurekodi sauti. Orodha ya hazina hiyo, iliyomo katika maktaba ya Mlimani, ilichapishwa Leiden mwaka 1970. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, kazi ya wataalamu wa taasisi, ilitoka 1981, miaka 17 baada ya taasisi kuzaliwa. Toleo la pili likaja 2004, na kati ya matoleo hayo mawili kamusi ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1996. Utafiti wa namna hii ni mnazi. Anayetaka mchicha wa wiki tatu atauona hauzai. Hebu tufikirie taasisi ile ingekuwa inaishi kwa miradi ya miezi 18, kila mradi ukidai matokeo yanayopimika kabla ya fungu linalofuata. Kadi za maneno zingekusanywa hadi herufi ya K, kisha mfadhili angehamia kwenye kipaumbele kingine. Kamusi ambayo leo mwalimu wa shule ya msingi, mhariri wa gazeti na mfasiri wa Bunge wanaiona kitu cha kawaida ilipatikana kwa sababu mishahara ya wanaleksikografia ilikuwa katika bajeti ya chuo cha umma, haikuwa katika andiko la mtu mmoja.

Kisha bajeti ikapasuka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, vita vya Kagera vikamaliza akiba, bei ya mafuta ikapanda, na mwaka 1986 Tanzania ikatia saini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwaka huohuo, katika mkutano wa wakuu wa vyuo vikuu vya Afrika mjini Harare, Benki ya Dunia inakumbukwa kwa kudai kwamba elimu ya juu barani ni anasa. Ripoti yake ya 1988 kuhusu elimu kusini mwa Sahara ikapanga vipaumbele kwa namna iliyozikandamiza bajeti za vyuo. Mshahara wa mhadhiri haukutosha kulisha nyumba. Wengi walifuga kuku na ng'ombe, wengine waliondoka kwenda Botswana, Afrika Kusini, Ulaya na Marekani. Majarida ya nje yaliacha kununuliwa na maktaba ikawa na rafu zinazoishia mwanzoni mwa miaka ya 1980. Aliyeumia zaidi alikuwa mtafiti wa insia. Mwenzake wa kilimo au afya aliweza kuomba fedha za mradi wenye manufaa ya haraka. Mwanafasihi hakuwa na wizara iliyosubiri uchambuzi wake.

Nafasi iliyoachwa ilijazwa na ushauri elekezi. Mashirika ya kimataifa yalihitaji tathmini za haraka na watu wenye shahada za uzamivu walikuwa karibu, wakilipwa kidogo. Malipo ya wiki mbili za tathmini yaliweza kushinda mshahara wa miezi kadhaa. Mahmood Mamdani, katika kitabu chake cha 2007 kilichochunguza Makerere ya 1989 hadi 2005, alionyesha namna chuo kilivyogeuzwa soko: wanafunzi wa kulipa walianza kupokelewa 1992, idara zikashindana kubuni kozi zinazouzika, na mhadhiri akahama kutoka darasa moja hadi jingine mpaka usiku. Hoja yake kuhusu ushauri elekezi ninaiona sahihi hadi leo: mshauri hutafuta jibu la swali la mteja, ilhali kazi ya utafiti ni kulitunga swali lenyewe na kulitilia shaka. Kizazi kizima cha wahadhiri wenye akili kali kiliandika maelfu ya kurasa ambazo hazimo katika maktaba yoyote, kwa kuwa ni mali ya mteja. Siwalaumu. Walikuwa na watoto wa kusomesha. Lakini kinachosemwa mara nyingi kwamba wahadhiri wetu hawaandiki si kweli. Waliandika sana, kwa niaba ya wengine.

Hapa kuna pingamizi la haki. Msomaji atasema kwamba fedha za nje ndizo zilizookoa insia, na kulia juu ya wafadhili ni kukosa shukrani. Ushahidi unampa haki kwa sehemu, na ni vema uelezwe kikamilifu. Sweden ilianza ushirikiano wa utafiti na Tanzania katika miaka ya 1970 kupitia shirika lake la SAREC. Kutoka mwishoni mwa miaka ya 1980 lilifadhili mradi wa asili ya miji ya Afrika Mashariki, ulioshirikisha wanaakiolojia wa nchi kadhaa. Felix Chami alipata uzamivu Uppsala mwaka 1994 kwa utafiti kuhusu pwani ya Tanzania katika milenia ya kwanza, na kazi yake, pamoja na ya wenzake, iliimarisha ushahidi kwamba miji ya Waswahili ilichipuka kwa wakulima na wavuvi wa Kibantu wa hapahapa, si kwa makoloni ya wageni kutoka ng'ambo. Mradi wa Lugha za Tanzania, uliosaidiwa na fedha za Sweden pia, uliandika sarufi na misamiati ya lugha ambazo nyingi hazikuwa na maandishi ya kutosha, na mwaka 2009 ukatoa Atlasi ya Lugha za Tanzania. Ni kazi kubwa zote mbili. Zikitazamwa kwa karibu, zinathibitisha dai langu badala ya kulivunja: SAREC ilikaa miaka mingi, ilisomesha watu hadi uzamivu, na swali la nani walijenga miji ya pwani au lugha zipi zinasemwa nchini lilikuwa swali la wasomi wa hapa kabla halijawa la Stockholm. Fedha za Ford zilizogharamia uchunguzi wa lugha katika nchi tano za Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1960 zilitoa vitabu vizuri pia, lakini kile cha Tanzania kilifika 1980, na uongozi wa uhariri ulikuwa mikononi mwa wageni. Mradi ulipokwisha, ulikwisha.

Mfano wa karibuni unaonyesha uzuri na udhaifu wa ufadhili wa nje kwa wakati mmoja. Mwaka 2008 Baraza la Marekani la Jumuiya za Kitaaluma, ACLS, lilizindua Programu ya Insia Afrika kwa fedha za Taasisi ya Carnegie ya New York. Nchi zilikuwa tano: Ghana, Nigeria, Afrika Kusini, Tanzania na Uganda. Waliobuni mpango huo walielewa tatizo. Mwombaji alichagua mada yake mwenyewe. Ruzuku ilimpa nafasi ya kuacha kufundisha kwa muda ili amalize tasnifu au kitabu. Baadhi walipelekwa kukaa katika taasisi ya nchi nyingine ya Afrika, mbali na vikao na usahihishaji wa mitihani. Na mfululizo wa vitabu ukafunguliwa na mchapishaji wa Chuo Kikuu cha Afrika Kusini. Kwa mhadhiri kijana wa Mlimani au Makerere huo ulikuwa muda wa kwanza wa kusoma kwa utulivu tangu aajiriwe. Lakini Mkenya, mwenye vyuo vikubwa na fasihi ya Kiswahili iliyojaa, hakuwa katika orodha, kwa uamuzi uliofanywa New York. Na awamu za Carnegie zilipofikia mwisho wake, hakuna chuo cha Afrika Mashariki kilichokuwa na fungu la kuipokea programu. Wanufaika waliunda chama chao cha insia cha Afrika ili uhusiano usipotee, na hilo ni jambo la heshima, ila chama hakiwezi kulipa mshahara wa mtu aliye likizo ya kuandika.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi kimaadili: nchi yenye zahanati zisizo na dawa ina haki gani ya kumlipa mtu asome tenzi? Jibu la kwanza ni la hesabu. Insia haihitaji maabara. Inahitaji mhadhiri mmoja wa kushika vipindi vya mwenzake, nauli, kinasa sauti, na maktaba isiyokatiwa fedha. Jibu la pili ni kwamba serikali zetu hazikatai tena kutumia fedha nyingi katika vyuo. Mwaka 2021 Benki ya Dunia, ileile ya Harare, iliipa Tanzania mkopo wa Dola milioni 425 kwa ajili ya elimu ya juu na mageuzi ya uchumi. Mkopo huo utalipwa na wananchi, na kati ya wanaosoma katika majengo yake wamo wanafunzi wa lugha na historia. Jibu la tatu ndilo lenye uzito kwangu: taifa linaloendesha mahakama, Bunge na shule za msingi kwa Kiswahili limekwisha kuamua kwamba utafiti wa lugha ni huduma ya umma. Istilahi za sheria na za tiba hazitatungwa na mtu wa nje kwa wema wake. Mpango wa Utekelezaji wa Lagos wa 1980 ulizitaka nchi za Afrika zitenge asilimia moja ya pato la taifa kwa sayansi na teknolojia. Lengo hilo limerudiwa katika mikutano mingi ya Afrika tangu hapo, na insia imekuwa ikisubiri mlangoni kana kwamba maarifa yanayohusu watu si maarifa.

Pingamizi la tatu siwezi kulipita haraka. Fedha za serikali nazo zina mwenyewe. Mlimani ileile iliyomwajiri Rodney iliona chama cha wanafunzi wanamapinduzi, USARF, kikipigwa marufuku mwaka 1970 pamoja na jarida lake la Cheche. Wanahistoria wa miaka ile walikuwa na uhuru mpana wa kumchambua mkoloni kuliko wa kulichambua Azimio la Arusha lilivyotekelezwa vijijini, na pengine ndiyo maana maandishi ya Maji Maji yaliegemea umoja. Mwaka 1990 wanataaluma walilazimika kuandika maazimio mawili, la Dar es Salaam na la Kampala, kudai uhuru wa taaluma dhidi ya dola. Anayependekeza kwamba hazina ilipie insia lazima aseme nani ataamua. Kuna mfano mmoja unaosaidia. Wasifu wa Julius Nyerere wa juzuu tatu, ulioandikwa na Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2020, ulipata msaada wa Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, chombo cha umma kilichoundwa kwa sheria ya 1986. Kavazi la Mwalimu Nyerere nalo lilipewa makao hapo. Kitabu hakikumtukuza mhusika. Kinaeleza kwa kirefu kamatakamata za chini ya sheria ya kuweka watu kizuizini, na operesheni ya vijiji. Waandishi walikuwa watu wa hadhi ambao si rahisi kuwaamrisha, na hilo lilichangia. Mhadhiri wa miaka 35 asiye na jina anahitaji ulinzi wa maandishi.

Ulinzi huo si fumbo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeanza kutenga sehemu ya mapato yake kwa ruzuku za utafiti zinazoshindaniwa na wahadhiri wake, na Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia upo tayari chini ya COSTECH. Kinachokosekana ni dirisha la insia ndani ya mfuko huo, lenye kamati ya wanataaluma waliochaguliwa na wenzao kutoka vyuo vya Bara na Zanzibar, wenye kipindi cha utumishi kinachovuka uchaguzi mkuu mmoja ili waziri mpya asiwabadilishe wote kwa siku moja. Maombi yasomwe bila majina pale inapowezekana. Yapokelewe kwa Kiswahili. Ruzuku iwe ya mshahara wa anayeshika vipindi, si ya posho za semina, na idumu angalau mwaka mmoja kwa makala na mitatu kwa kitabu au kamusi. Matokeo yawekwe katika maktaba ya umma, rekodi za sauti zikiwemo, kwa masharti yaleyale yaliyowezesha daftari za 1968 kusomwa upya na watu waliozikosoa. Wafadhili wa nje wakaribishwe kuchangia katika dirisha hilo bila kuwa na kura katika kamati. Wakikataa masharti hayo, kazi itakuwa ndogo kwa miaka michache, kama ilivyokuwa taasisi ya Kiswahili kati ya 1964 na 1981, wakati ilipokuwa ikipanga kadi.